Mita 248 Zilizopotea Kwenye Mlima Vinson

Kwa muda mrefu nimekuwa na tabia ya kulinganisha ramani za zamani na za sasa. Kazi yangu hainidai nifanye hivyo. Napenda tu kuona jinsi mahali palepale panavyobadilika kwenye karatasi ilhali penyewe hapajasogea. Mfano ulionishughulisha kuliko yote ni kimo cha Mlima Vinson, mrefu kuliko milima mingine yote ya bara la Antaktika. Mwaka 1959 uliandikwa kuwa na mita 5,140. Baada ya vipimo vya msimu wa 1979–80 ukawa na mita 4,897. Tangu 2004 una mita 4,892. Hakuna kipande cha kilele kilichoporomoka katika miaka hiyo 45, na kofia yake ya theluji haikuyeyuka. Kilichopungua ni makosa ya waliokuwa wakiupima. Mita 248 hizo ndizo zilizonifanya niifuatilie historia nzima ya Milima ya Ellsworth, na nikakuta kwamba safu hii, ambayo kwa kawaida hupewa tarehe moja ya kugunduliwa, iligunduliwa kwa mafungu, kila fungu likisahihisha lile lililolitangulia.

Kwanza nieleze ilipo. Milima ya Ellsworth imesimama Antaktika ya Magharibi, karibu na latitudo 79 kusini na longitudo 85 magharibi, kwenye ukingo wa rafu ya barafu ya Ronne, yaani lile bamba pana linaloelea baharini huku likiwa bado limeshikamana na bara. Ina urefu wa kilomita 350 hivi na upana wa kilomita 48. Mto wa barafu uitwao Minnesota unaikata katikati: upande wa kaskazini, wenye vilele virefu, ni safu ya Sentinel, na upande wa kusini ni safu ya Heritage. Kutoka hapo hadi Ncha ya Kusini ni takriban kilomita 1,200. Maelezo haya yote, hata lile la kwamba safu ni mbili na si moja, hayakuwamo katika ramani yoyote kabla ya miaka ya 1960.

Tarehe inayotajwa siku zote ni 23 Novemba 1935, na mtu anayetajwa ni Lincoln Ellsworth, Mmarekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1880, mtoto wa mfanyabiashara tajiri wa makaa ya mawe. Hakuwa mwanasayansi wala rubani wa kujivunia. Alikuwa mtu mwenye fedha na shauku, na kabla ya kuelekea kusini alikwisha kuzitumia zote mbili upande wa kaskazini: mwaka 1925 aliruka pamoja na Roald Amundsen, mvumbuzi wa Norway, kuelekea Ncha ya Kaskazini, na mwaka 1926 alikuwa ndani ya Norge, chombo cha angani cha gesi kilichovuka Aktiki kutoka Svalbard hadi Alaska. Kilichobaki katika ndoto zake kilikuwa kulivuka bara la Antaktika kwa ndege, kutoka upande unaoelekea Amerika ya Kusini hadi upande wa Bahari ya Ross. Ndege yake ilikuwa Northrop Gamma ya injini moja na viti viwili, aliyoiita Polar Star. Jaribio la kwanza liliharibika mwanzoni mwa 1934, barafu ilipopasuka chini ya ndege hiyo katika Ghuba ya Nyangumi hata kabla safari haijaanza. La msimu uliofuata nalo halikufika mbali.

Mara ya tatu aliondoka kisiwa cha Dundee, karibu na ncha ya Rasi ya Antaktika, akiwa na rubani Herbert Hollick-Kenyon. Walianza, wakarudi, wakaanza tena, wakarudi tena, na hatimaye wakaenda. Walitazamia kuruka kwa saa 14 hivi, lakini ilichukua siku 22 kabla hawajafika. Redio yao ilinyamaza baada ya saa chache, na tangu hapo ulimwengu haukujua kama wako hai. Waliishusha ndege mara nne juu ya barafu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikanyaga, wakapiga hema, wakasubiri dhoruba zipite, wakakadiria mahali walipo kwa kutazama jua kwa sekstanti, wakaruka tena. Tarehe 5 Desemba mafuta yaliwaishia wakiwa wamebakiza kilomita 25 hivi kufika Little America, kambi iliyokuwa imeachwa na mvumbuzi Mmarekani Richard Byrd. Walienda kwa miguu wakikokota mizigo yao, wakaifikia tarehe 15 Desemba, wakaishi humo kwa chakula kilichosazwa na wenyeji wake wa awali hadi meli Discovery II ilipowafikia katikati ya Januari 1936.

Kisa cha kuokolewa kwao kimesimuliwa mara nyingi, na ninakiri kuwa kinasisimua. Ninachokijali zaidi, hata hivyo, ni zile dakika chache za siku ya kwanza, pale walipokuwa wameiacha rasi na kuingia juu ya uwanda mweupe usio na alama, kisha vilele vikajitokeza upande wa kushoto. Ellsworth aliipa safu hiyo jina la Sentinel, yaani mlinzi aliye zamu, kwa jinsi ilivyosimama peke yake juu ya barafu. Mlima mmojawapo akaupa jina la mkewe, Mary Louise Ulmer. Alipiga picha kwa kamera ndogo ya mkononi kupitia dirishani, ndege ikaendelea na njia yake, na milima ikabaki nyuma. Hapo ndipo ugunduzi unaoandikwa vitabuni unapoishia.

Sasa tujiulize alichokuwa nacho mkononi aliporudi. Alikuwa na picha zilizopigwa upande mmoja tu, kutoka kwenye chombo kinachokwenda kasi, kwa kimo ambacho hakikujulikana kwa uhakika, na kutoka mahali palipokadiriwa kwa saa, dira na kasi ya ndege. Alikuwa amepita karibu na mwisho wa kaskazini wa safu, ambako vilele ni vifupi. Mlima alioupa jina la mkewe una kimo kisichofika mita 3,000, na ule mrefu kuliko yote barani hakujua hata kama upo. Tena macho yenyewe hudanganya sana katika bara lile. Hewa yake ni kavu na haina vumbi, kwa hiyo kitu kilichoko umbali wa kilomita 80 huonekana kama kiko karibu tu. Hakuna mti, nyumba wala njia ya kumsaidia mtazamaji kulinganisha ukubwa wa vitu, na jabali la mita 50 hufanana na la mita 500. Simlaumu Ellsworth kwa lolote katika haya. Ninachosema ni kwamba aliona milima, na kuona ni mwanzo tu wa kuijua.

Kazi ya kuzigeuza picha zile kuwa ramani ilimwangukia W. L. G. Joerg, mtaalamu wa ramani wa Marekani, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1937. Naiheshimu kazi hii kuliko ninavyoiheshimu safari yenyewe. Fikiria mtu aliyekaa mezani na rundo la picha zilizopigwa kwa kuinamia dirishani, akitafuta kilele kimoja kinachoonekana katika picha mbili tofauti ili mistari miwili ya kutazama ikutane mahali pamoja, kisha akiyafungamanisha yote hayo na kumbukumbu za saa alizoandika rubani. Ramani ya namna hiyo huweza kusema kuwa mlima upo, na kwamba upo upande fulani. Haiwezi kusema una urefu gani, wala kinachofichwa nyuma yake. Na kwa miaka zaidi ya 20 iliyofuata hakuna mtu aliyekwenda kuangalia.

Fungu la pili lilikuja na Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957–58, ambapo mataifa mengi yalikubaliana kuitafiti dunia kwa pamoja na Antaktika ikapata vituo vingi vya utafiti kwa mkupuo. Marekani ilijenga kituo cha Byrd ndani kabisa ya Antaktika ya Magharibi, kwenye latitudo 80 na longitudo 120. Kutoka hapo kikundi cha vijana wa sayansi, akiwemo Charles Bentley ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 30, kilisafiri kwa magari ya minyororo yaliyoundwa kwa ajili ya theluji hadi kwenye safu ya Sentinel, umbali wa zaidi ya kilomita 600. Walifika Januari 1958. Hao ndio watu wa kwanza kuifikia milima hiyo kwa ardhi na kuielekezea vyombo vya kupimia wakiwa wamesimama mahali pasipotikisika.

Mwenda pole hajikwai, na wale walikwenda pole kwelikweli, kwa sababu milima haikuwa shughuli yao pekee. Kila baada ya masafa fulani walisimama, wakachimba shimo, wakalipua baruti, na kwa vyombo vilivyotandazwa juu ya theluji wakasikiliza mwangwi wa mtetemo ukirudi kutoka kwenye mwamba ulio chini ya barafu. Muda ambao mtetemo hutumia kushuka na kurudi huonyesha unene wa barafu. Vipimo vya aina hiyo katika safari za Bentley na wenzake vilibadilisha picha nzima ya Antaktika ya Magharibi: sehemu kubwa ya sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari, na bonde lililopewa baadaye jina la Bentley linashuka zaidi ya mita 2,500 chini ya usawa huo, likiwa limejaa barafu hadi juu. Kwa hiyo watu walewale walioleta vipimo vya kwanza vya milima mirefu kuliko yote ya bara hilo ndio walioleta pia habari za mabonde yake yenye kina kirefu ajabu, na vyote viwili vilikuwa vimefichwa na uwanda uleule mweupe ambao Ellsworth aliuona kama tambarare tupu.

Wakati huohuo ndege za jeshi la wanamaji la Marekani, zikitokea Byrd, zilikuwa zikizunguka angani, na ni kutoka humo ndipo kundi la vilele lililo refu kuliko yote lilipotambuliwa mwaka 1958. Lilipewa jina la Carl Vinson, mbunge wa Georgia aliyeongoza kamati ya Baraza la Wawakilishi inayosimamia majeshi na ambaye aliunga mkono shughuli za Antaktika. Napata taabu kidogo na jambo hili. Mlima mrefu kuliko yote wa bara zima umebeba jina la mtu wa bajeti za majeshi, na ule unaoufuata, Tyree, wenye mita 4,852, umebeba jina la amiri aliyesimamia shughuli za wanamaji huko kati ya 1959 na 1962. Lakini pale ambapo hapakuwahi kuwa na wakazi hapakuwa na jina la kale la kufutwa, na angalau waliosafiri kwa magari yale ya theluji nao hawakusahauliwa: majina ya Bentley, Anderson, Ostenso, Giovinetto na ndugu wawili wa ukoo wa Long yako juu ya vilele vya safu hiyo hadi leo.

Kati ya 1958 na 1961 kazi ya ramani ilifanyika kwa dhati. Ndege za wanamaji zilibeba kamera tatu zinazopiga kwa wakati mmoja: moja ikitazama chini moja kwa moja, moja kulia na moja kushoto, hivi kwamba picha tatu zikiunganishwa zinaonyesha kila kitu kutoka upeo mmoja wa macho hadi mwingine. Ndege hufuata mistari sambamba, na picha hupandana, kila moja ikirudia sehemu kubwa ya iliyotangulia. Mahali palipopigwa kutoka sehemu mbili panaweza kutazamwa kwa chombo kinachomwonyesha mchoraji kina, jicho moja likiona picha ya kwanza na jingine ya pili, na hapo mlima huinuka mezani kama sanamu. Mchoraji huzungusha alama ndogo ya nuru kwenye mteremko, kwa kimo kilekile, na alama hiyo huacha nyuma yake mstari wa kontua. Ndivyo idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, ilivyoichora safu nzima kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza.

Ramani hiyo ilipokamilika ikaonekana wazi kwamba jina la Ellsworth la Sentinel lilikuwa limetandazwa juu ya vitu viwili. Upande wa kaskazini ni ukuta mwembamba na mrefu wa vilele vikali. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto wa barafu wa Minnesota, milima ni mifupi, imetawanyika, na imekatwakatwa na mito ya barafu. Kamati ya Marekani inayoshughulikia majina ya Antaktika ikaamua kuliacha jina la Sentinel kwa nusu ya kaskazini peke yake, ikaibuni Heritage kwa nusu ya kusini, na ikampa mgunduzi jina la milima yote kwa ujumla. Ellsworth hakuuona uamuzi huo, kwa kuwa alifariki mwaka 1951. Nadhani angeupenda, ijapokuwa ulimnyang'anya nusu ya jina alilolichagua.

Kuhusu miamba nitakuwa mfupi, ingawa ingestahili makala yake. Kuanzia 1961 Campbell Craddock wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliongoza wanajiolojia kwenye milima hiyo kwa misimu kadhaa, na jina la mto wa barafu unaoigawa safu linatokana na chuo hicho. Walikuta tabaka za miamba ya mashapo zenye unene wa jumla wa kilomita nyingi, zikiwa zimekunjwa vibaya: chini kuna chokaa yenye visukuku vya trilobiti, wanyama wa bahari waliotoweka zamani mno, juu yake kuna kwazaiti ngumu inayofanya vilele virefu visimame wima, kisha mashapo yaliyoachwa na barafu za kale, na juu kabisa, tabaka zenye majani ya Glossopteris, mmea unaopatikana pia Afrika, India, Australia na Amerika ya Kusini. Jambo lililowasumbua ni kwamba safu imelala kwa pembe isiyolingana kabisa na ile milima inayolivuka bara zima. Usumaku uliohifadhiwa ndani ya miamba ulitoa jibu: kipande hiki cha ardhi kiling'oka wakati Gondwana, lile bara kuu la kale la kusini, ilipokuwa ikivunjika, kikazunguka takriban nyuzi 90, kikasafiri hadi kilipo sasa. Kabla ya hapo kilikuwa jirani wa kusini mwa Afrika. Mimi niliyezoea kuudhika ramani inapokosea kwa kilomita mbili nilijiona mdogo sana nilipoyasoma hayo.

Turudi kwenye kimo, maana ndicho kilichonileta hapa.

Mpimaji aliyesimama chini ya mlima anahitaji mambo matatu: umbali hadi kwenye kilele, pembe ya kukitazama, na kimo cha pale aliposimama yeye mwenyewe. La kwanza na la pili anaweza kuyapata kwa theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, na kwa kupima umbali kati ya vituo viwili. La tatu ndilo gumu. Katikati ya Antaktika bahari iko mbali sana, kwa hiyo safari za wakati ule zilibeba kimo kutoka kituo hadi kituo kwa vipimahewa, vikisoma jinsi shinikizo la hewa linavyopungua kadiri mtu anavyopanda. Lakini shinikizo hupungua pia hali ya hewa inapochafuka, na kipimahewa hakina namna ya kutofautisha kimbunga kinachokaribia na mlima unaopandwa. Zaidi ya hayo, hewa ya nchani ni baridi na nzito, imejikusanya chini, na ukipanda kwenda juu shinikizo hupungua haraka kuliko katika nchi za joto. Wapandaji wa leo huieleza hali hiyo kwa mapafu yao: wakiwa juu ya Vinson wanahisi kama wako kwenye mlima mrefu kuliko kimo kilichoandikwa. Kipimahewa ambacho hakikurekebishwa kwa ajili ya baridi hukosea kwa njia hiyohiyo ya mapafu.

Halafu kuna nuru. Juu ya barafu hutulia tabaka la hewa baridi sana, na juu yake hewa isiyo baridi kiasi hicho. Mwale unaopita katika tabaka hizo haunyooki. Hupinda kuelekea ardhini, na macho, yasiyojua kupinda, hukiweka kilele juu kuliko kilipo. Wasafiri wa nchani wamewahi kuona safu nzima za milima zikielea hewani, na wengine wakachora kwenye ramani nchi ambazo hazikuwepo. Kwa mpimaji anayetafuta sehemu ndogo ya nyuzi moja kutoka umbali wa makumi ya kilomita, mpindo huo peke yake unatosha kuongeza mita nyingi, na makosa ya vituo vilivyotangulia yanajumlishwa juu yake. Nikiyaweka haya yote pamoja, mita 5,140 hazinishangazi tena. Kinachonishangaza ni kwamba walikosea kwa asilimia 5 hivi tu.

Kwa kipimo hicho cha 1959 ndipo watu walipoanza kuupanda. Msimu wa 1966–67 wapandaji kumi wa Marekani, wakiongozwa na Nicholas Clinch, walipelekwa huko kwa ndege ya wanamaji, na tarehe 18 Desemba 1966 wanne kati yao, Barry Corbet, John Evans, William Long na Pete Schoening, walikanyaga kilele cha Vinson kwa mara ya kwanza. Katika siku mbili zilizofuata wenzao wote sita nao walifika. Baadaye walipanda vingine kadhaa, ukiwemo Tyree, ambao ni mfupi kwa mita 40 tu lakini ni mgumu mara nyingi zaidi. Corbet na Evans walifika juu yake tarehe 6 Januari 1967. Jina linalonigusa katika orodha hiyo ni la William Long. Yeye ni mmoja wa wale ndugu wawili waliosafiri na Bentley miaka tisa kabla. Alikuwa ameitazama milima hiyo kutoka chini, kwenye theluji, akiwa miongoni mwa watu wa kwanza kuikaribia, na sasa aliitazama kutoka juu.

Kufika kileleni, hata hivyo, hakukubadilisha kimo hata kwa mita moja. Mtu aliyesimama juu ya mlima hajui una urefu gani kwa kusimama tu. Vipimo vipya vya 1979–80 viliushusha hadi mita 4,897, na hapo ndipo sehemu kubwa ya zile mita 248 ilipotoweka. Tano zilizosalia zilisubiri setilaiti. Mwaka 2004 Damien Gildea wa Australia, pamoja na Camilo Rada na Rodrigo Fica wa Chile, walibeba kipokezi cha GPS hadi kileleni na kukiacha kikusanye mawimbi ya setilaiti kwa saa nyingi katika baridi ile, kwa sababu kipimo cha dakika chache hakitoshi kufikia usahihi waliokuwa wakiutaka. Setilaiti zenyewe hazijui bahari iko wapi. Hutoa kimo juu ya umbo laini la dunia lililotungwa kwa hesabu, na umbo hilo hutofautiana na usawa halisi wa bahari kwa makumi ya mita katika sehemu nyingi, kwa kuwa nguvu ya mvutano haiko sawa kila mahali. Namba ya kipokezi ilibidi isahihishwe kwa modeli ya mvutano huo, na jibu likawa mita 4,892.

Niliwahi kubishana na rafiki aliyeniuliza mita tano zina maana gani kwa mlima wa karibu mita elfu tano. Kwa mpandaji hazina maana. Kwa ramani zina maana, kwa sababu vilele vya Sentinel hutegemeana: kimo cha kimoja kilichopimwa kwa uhakika hutumika kusahihisha vya jirani zake vilivyopimwa kwa kutazamwa tu, na kosa la mita tano kwenye kilele kikuu husambaa kwenye vingine vyote kama doa la mafuta kwenye kitambaa. Gildea na wenzake walilijua hilo, ndiyo maana hawakuishia Vinson. Walipanda na kupima vilele vingine kwa misimu kadhaa, na mwaka 2007 Gildea na Rada wakachapisha ramani ya sehemu hiyo kwa skeli ya 1:50,000.

Majina nayo yalikuwa yakifuata vipimo. Tarehe 1 Novemba 2006 kamati ya majina ilitenganisha Mlima Vinson, yaani kilele chenyewe, na lile kundi kubwa la vilele linaloubeba, ambavyo hadi siku hiyo viliitwa kwa jina moja na kusababisha mkanganyiko kila mtu alipotaja kimo. Vilele vidogo vya kundi hilo vikapewa majina ya wapandaji wa 1966: Clinch, Corbet, Schoening, Silverstein, Hollister na wengineo. Bulgaria nayo imetoa majina mengi kwa mito ya barafu na miinuko ya safu hiyo, jambo linalowezekana kwa sababu Mkataba wa Antaktika wa 1959 umeyaweka kando madai yote ya umiliki, likiwemo lile alilolitangaza Ellsworth mwenyewe alipotua na kusimika bendera na kuiita nchi ile kwa jina la baba yake.

Ndege ya Polar Star ilirudishwa Marekani na imehifadhiwa katika makumbusho ya anga ya Smithsonian. Jina lake liko pia kwenye kilele kimoja cha kaskazini mwa safu ya Sentinel na kwenye zile tabaka za mwamba zenye majani ya Glossopteris. Katika eneo hilohilo la kaskazini ramani bado inaonyesha Mlima Ulmer, ingawa jina la kwanza la mke wa Ellsworth limeachwa. Niliweka rula kati yake na Vinson: ni kilomita 100 hivi. Kwa ndege kama ile huo ni mwendo wa karibu nusu saa, upande wa kushoto wa njia waliyoifuata.